Maji Yaliyofungwa Kitambaa

Mimi ni mtu wa kushuku, nalisema mapema ili msije mkanishangaa baadaye. Mtu akinisalimia kwa furaha iliyozidi asubuhi, najiuliza anataka kuazima nini. Muuza unga akiniongezea bila kuombwa, nikifika nyumbani naupepeta wote. Kwa hiyo gari la serikali lilipoteremka hadi mwaloni kwetu hapa Baraka, ufukweni mwa ziwa mitumbwi inapotia nanga, likasimama karibu na pale akina mama wanapoanika ndagala, dagaa wetu, mimi nilikuwa nimeshaacha kushona kabla injini haijazimwa.

Cherehani yangu iko barazani, katika nyumba ya mwisho kabla ya mchanga. Nikikaa pale naona mitumbwi inayotoka na inayoingia, naona nani anasaidia kuvuta na nani anajifanya anaumwa mgongo. Gari lile lilikuwa jeupe, lina tope la barabara ya Uvira mpaka madirishani. Akateremka mwanamke wa makamo na wanaume wawili. Wakashusha visanduku, chupa za kioo, na wavu mmoja mrefu, mwembamba, wa umbo la soksi.

Ule wavu ndio uliotuleta wote pale. Matundu yake yalikuwa madogo kuliko ya chandarua. Na chandarua kwetu ni kesi: ukikutwa unavua nacho, serikali inakunyang'anya na kukichoma moto mbele ya wanao, kwa sababu kinakamata watoto wa samaki. Sasa serikali ileile imekuja na wavu ambao hata chembe ya mchanga isingepita. Mvuvi mmoja akaushika, akaunyoosha kwenye jua, akauliza kwa heshima zote, "Mama, hii inakamataka nini?"

Yule mwanamke alikuwa dokta, si wa hospitali, wa mambo ya maji. Alitueleza kwamba serikali imetoa pesa ili ijulikane kuna plastiki kiasi gani katika mito na pembezoni mwa ziwa. Wavuvi wakamwonyesha mdomo wa mto Mutambala, ambako mvua ikinyesha mto hutuletea sashe, vile vifuko vya plastiki, chupa na kandambili za watu wote wa milimani. Plastiki si ile pale? Angeweza kuiona bila hata kuteremka garini.

"Hapana ile," akasema. "Tunatafuta yenye haionekane na macho."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikucheka. Serikali ambayo haijawahi kuiona plastiki inayoonekana, wala mashimo ya barabara ambayo gari linazama mpaka mlango, leo imepata macho ya kuona kisichoonekana? Nikajiambia hapa kuna jambo. Ama wamesikia kuna mafuta chini ya ziwa, ama wanatafuta dhahabu kwenye mchanga wa mto, ama wanatengeneza sababu ya kutufungia ziwa. Kufungiwa ziwa tunakujua. Wanasema samaki wapumzike wazaane, na sisi tunapumzika pamoja nao bila chakula.

Walihitaji mtumbwi na mtu anayejua mahali mkondo wa mto unapoingia ziwani. Kabla hawajamaliza kusema, mdogo wangu akawa ameshashika kasia.

Mdogo wangu ni kinyume changu. Tulizaliwa watatu. Mkubwa wetu alikwenda machimboni, upande wa Misisi, na shimo likamwangukia. Tuliletewa koti lake, basi. Tukabaki wawili, mimi na huyu wa mwisho, na ni kama mama alipotugawia akili alimpa yeye imani yote na mimi mashaka yote. Anamwamini mganga, anamwamini pasta, anamwamini anayemuuzia betri za taa. Ana ekipe yake, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu katikati na taa za kuwaita ndagala, na vijana wanaovua naye wanampenda kwa sababu hajui kugombana.

Akawapeleka. Kutoka barazani niliwaona wakiburuta ile soksi mbele ya mdomo wa mto, wakaenda mbele kidogo, wakaburuta tena. Wakajaza chupa. Yule dokta aliinama juu ya maji muda mrefu mpaka nikadhani amepoteza pete.

Waliporudi ndipo mdogo wangu alipofanya lile lililotuletea shida. Sijui kama huko kwenu lipo. Mwaloni kwetu vitu havikai na mwenyewe. Beseni langu leo liko kwa jirani, kesho liko kwenye mtumbwi wa mtu wa Nundu. Makasia, kamba, madumu, taa, vyote vinatembea. Ili visipotee, kitu kikitoka mkononi mwako kwenda mkononi mwa mtu mwingine, unakifunga kipande cha kitambaa chako. Kila nyumba ina kitambaa chake. Maana yake inajulikana na mtoto wa kunyonya: hiki kina mwenyewe, na kitarudi kama kilivyotoka. Kikitoka kimejaa, kirudi kimejaa. Anayekata kitambaa cha mtu mwaloni, bora ahamie Kilembwe akalime, maana ziwani hatapata mtu wa kumsaidia hata kuvuta mtumbwi.

Kitambaa cha nyumba yetu ni kijani. Kilibaki kwenye sare za kwaya nilizoshona, na nilimpa mdogo wangu vipande vyote afungie vitu vyake. Basi akawa anampokeza dokta zile chupa moja moja kutoka mtumbwini, na kila chupa, kabla hajaiachia, anaifunga kipande cha kijani shingoni. Hakuwa na mpango wowote. Mkono wake ulifanya kama unavyofanya siku zote.

Dokta akasimama na chupa ya kwanza, akakitazama kile kitambaa.

"Hii ni ya nini, kaka?"

"Ni desturi ya hapa, dokta. Kitu ikitoka mu mukono yetu, tunaifunga."

Nilimwona akifikiri. Kisha akasema, "Sawa, funga." Wale wanaume wawili wakatazamana. Gari likaondoka na maji yetu, na kijani kikionekana kupitia kioo cha nyuma.

Ukaja mwezi mkubwa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, wavuvi hushona nyavu na kulala nyumbani mpaka wake zao wawachoke. Hilo ni la kawaida. Mwezi ulipoisha, giza likarudi, ekipe zote zikatoka. Zikarudi tupu. Zikatoka tena, zikarudi na ndagala wa kujaza kofia. Wanawake wanaoanika walikaa kwenye mchanga mtupu wakisukana nywele, na sokoni samaki akawa wa kuulizia tu.

Kisha akaja mfanyabiashara mmoja kutoka Nundu na habari yake. Alisema kule kwao pia yule dokta alipita, na alipojaribu kuteka maji watu walimfukuza, na ndio maana wao wanapata samaki. Mimi nilimshuku palepale, kwa sababu alikuwa amekuja na magunia ya ndagala wa kuuza, na mtu mwenye magunia hapendi usikie kwamba samaki watarudi kwenu kesho. Lakini habari ikishaingia mwaloni haitoki. Kufikia mchana kila mtu alikuwa anajua: walibeba maji, na samaki wamefuata maji yao.

Nisieleweke vibaya. Watu wetu si wajinga. Walishakuja wengine hapa wakachukua mawe milimani, wakasema ni ya masomo, na baada ya mawe zikaja mashine. Walikuja wengine wakatutoa damu, wakasema majibu yanakuja, na tunayangoja mpaka leo. Mtu anayechukua tu, bila kurudi, tunamjua. Kwa hiyo watu walipoanza kusema maji yarudi, wengi hawakuwa wanafikiria uchawi. Walikuwa wamechoka kuchukuliwa.

Ila lawama lazima iwe na mahali pa kukaa, na dokta alikuwa amesharudi kwake Uvira. Ikamkalia mdogo wangu.

Komite ya wavuvi ilikutana asubuhi, palepale kwenye mchanga. Mkuu wa mwalo wetu si mzee wa busara, msije mkamheshimu bure. Ni mtu mnene mwenye mitumbwi mingi na jezi ya mpira, anayependa kusema akiwa amesimama na wengine wamekaa. Akasema mdogo wangu aliuza ziwa.

"Mi sikuuza kitu, Papa," mdogo wangu akasema. "Nilibapeleka tu."

"Ulibapeleka, bakabeba mayi, sasa siye tunakula mikono. Mutumbwi yako itapanda huku juu. Makasia minabeba. Utaingia mu ziwa siku mayi itarudia."

Nikasimama. Sikuwa mjumbe wa komite, na mwanamke hasemi pale asipopewa nafasi, lakini hasira ilinisukuma. Niliwauliza kama wana macho. Niliwauliza kama hawakuona kitambaa cha kijani kwenye kila chupa. Mtu anayeuza hafungi kitambaa. Anayefunga kitambaa anaazimisha. Kama ni hivyo, basi kosa si la aliyeazimisha, kosa ni la aliyeazima asirudishe!

"Barudishe!" nikapiga kelele. "Barudishe mayi, na kila kitu yenye ilikuwa ndani! Yote! Kama vile ilitoka!"

"Yote!" wakaitikia. "Kama vile ilitoka!"

Hata mkuu wa mwalo akatikisa kichwa kukubali. Nilikaa chini nikijiona mwanasheria. Makasia ya mdogo wangu yakachukuliwa vilevile, lakini angalau sasa alikuwa mtu aliyedhulumiwa, si mwizi.

Akawa anashinda barazani kwangu. Mwanaume anayekaa karibu na cherehani mchana kutwa anachosha. Anaokota vipande vya nguo, anavipanga, anavipangua. Mkewe alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza baada ya nyingine kuharibika, na alikuwa na hamu ya ndagala wabichi, hamu ile ya wenye mimba isiyosikiliza maelezo. Kila asubuhi aliniuliza kama wamepatikana.

Siku moja nikaona pikipiki imesimama nje na kijana tuliyekuwa tukimjua anazungumza na mdogo wangu. Yule kijana aliposhika njia nikamuuliza mdogo wangu walikuwa wanazungumza nini. Hakunitazama, ingawa aliniita yaya, yaani dada mkubwa, kama siku zote.

"Kuko shimo mupya Misisi, yaya. Banatafuta bantu ya nguvu. Mi siwezi kuikala hapa na kukutazama unashona."

Nikaiacha nguo chini ya sindano. Niliogopa sana. Siwezi kulisema kwa uzuri: nililiona koti la mkubwa wetu likiwa limekunjwa juu ya meza, kama tulivyoletewa. Nilimwambia angoje. Hakuuliza angoje nini.

Dokta alikuwa ameacha namba yake ya simu kwa yeyote atakayekuwa na swali. Nilikuwa nimeshuku kwamba ni namba ya uongo. Nikapiga nikiwa tayari na matusi ya kumpa yule ambaye angepokea. Akapokea mwenyewe.

"Dokta, ni dada ya ule mwenye mutumbwi, wa Baraka. Tunaomba mayi yetu."

Nikasikia kuku upande wake.

"Yenye kitambaa ya kijani?" akauliza.

"Njo hiyo."

Hakucheka, na hilo likanifanya nimshuku zaidi. Alisema kwenye maabara yao walishayachuja, wakatoa kilichokuwa ndani wakakihesabu, lakini maji yenyewe yapo, katika chupa zilezile. Nikamuuliza kwa nini hakuyamwaga, maana mtu akitunza kitu kisicho na faida kwake lazima kuna sababu. Akasema kwao ni kaskazini ya ziwa hilihili, baba yake alikuwa mvuvi, na huko wanafunga kamba ya jani la mgomba badala ya kitambaa. "Niliambia bantu ya labo basimwange. Sikujua mutauliza. Lakini nilisema, kama batauliza, nitasema nini?"

Nikamwambia kuhusu makasia, kuhusu Misisi. Akasema atakuja. Sikumwamini, nikamwambia mdogo wangu kwamba anakuja.

Alikuja. Hakuja na gari. Alikuja juu ya pikipiki, katikati ya dereva na sanduku la mbao, akiwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Nikamuuliza gari la serikali liko wapi.

"Gari ilikuwa ya muradi," akasema. "Muradi uliisha."

"Na majibu?"

"Majibu njo haiyaisha."

Watu wakajaa. Akafungua sanduku, chupa zikatokea kila moja na kijani chake shingoni. Mdogo wangu akashika moja, akageuza fundo, akasema kwa sauti ya chini kwamba hilo si fundo lake. Nikafurahi vibaya, nilijua tu! Dokta akakubali bila kubisha. Alivifungua vitambaa alipofika, akaviweka mbali na maji, kwa sababu nguo inadondosha nyuzi na nyuzi zingeingia kwenye hesabu yake. Alipomaliza akavifunga tena. Nikakivuta kitambaa kimoja, nikaangalia pindo. Kilikuwa changu, na mkasi wangu ule wenye pengo ulikuwa umeacha alama yake.

Kisha akatoa kisahani cha kioo chenye kifuniko, ndani yake karatasi ya mviringo, na hadubini ndogo ambayo aliisimamisha juu ya sanduku. Kwenye karatasi ile ndipo kilipobaki alichokichuja. Mkuu wa mwalo akawa wa kwanza kuinama, na kila mtu alijua anatafuta nini, maana aliuliza kama kuna kinachong'aa. Aliangalia mpaka jasho likamtoka puani. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu aliyefungua sufuria ya jirani akakuta mboga zilezile za kwake.

"Ni nyuzi," akasema.

Watu wakapita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika niliona jinsi karatasi ile nyeupe ilivyo na milima na mabonde, na juu yake nyuzi zimejikunja, za bluu nyingi, nyekundu, nyeusi, na vipande vyenye kona, vya rangi ya sashe za sokoni. Nilizitafuta za kijani. Nilipoona hakuna nikashusha pumzi, kisha nikajiuliza nimeshusha pumzi ya nini. Mimi ninashona nguo za mji huu karibu wote, na zote zinafuliwa mtoni.

Dokta akaeleza kwamba nyuzi zinatoka kwenye nguo tunazofua, kwenye nyavu na kamba, kwenye magunia yanayooza. Sashe hupigwa na jua, hukatikakatika, na haifiki mwisho wa kukatika. Zilikuwa kwenye maji ya mdomo wa mto, na zilikuwa kwenye matumbo ya ndagala aliowanunua akawapasua. Samaki mkubwa unampasua, unatupa utumbo. Ndagala unamla mzima, kichwa, tumbo na mkia.

"Basi tusikule ndagala?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeshapata jibu langu, kwamba kuna tajiri mahali fulani anataka kutuuzia samaki wa kopo.

"Sikusema vile, mama. Hata mi minakula."

"Serikali itafanya nini?"

Akajipangusa vumbi usoni kwa kiganja, akalisambaza zaidi. "Nitaandika. Sijue kama batasoma."

Lilikuwa jibu la kwanza kutoka kwa mtu wa serikali ambalo sikupata pa kulishuku, na lilinikasirisha kuliko uongo.

Mkuu wa mwalo akasema kilicholetwa kirudi. Mdogo wangu akakunja suruali, akaingia ziwani mpaka magotini, na mbele ya watu wote akafungua chupa moja baada ya nyingine akazimimina. Maji yaliingia kwenye maji, hakuna aliyeona tofauti. Kila chupa ikiisha alifungua kitambaa akakiweka begani. Wanawake wengine walipiga vigelegele. Mkuu alikuwa amesimama ukingoni na yale makasia, ameyashika wima mkononi. Mdogo wangu alipomaliza akanyoosha mkono kuyapokea.

Mkuu hakuyatoa. Akageuka kwenye sanduku, akaonyesha kisahani.

"Na ile?"

"Ile ni uchafu, Papa," dokta akasema. "Haiko ya ziwa."

"Ilitoka mu ziwa."

"Ilitoka kwetu, ikaingia mu ziwa. Siye njo tumeitoa mu mayi."

"Mulibeba mayi na kitu ndani. Sasa munarudisha mayi bila kitu. Hiyo haiko kama vile ilitoka." Kisha akanigeukia, na wote wakanigeukia pamoja naye. "Mama mushonaji mwenyewe alisema. Yote."

Ningesema nini? Kwamba nilisema kwa hasira? Wangeniuliza, na kitambaa je, nacho kilifungwa kwa hasira? Niliwatazama. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa na njaa, na walitaka jambo liishe kwa utaratibu wanaoujua. Mmoja wa wale wavuvi akasema, bila ukali, kwamba kama kitu kimoja kikibaki Uvira na samaki wasirudi, mtu atakumbuka kwamba kilibaki. Alikuwa anamtazama mdogo wangu.

Dokta akanisogelea, akasema kwa sauti ya mimi tu. "Ni kidogo sana, mama. Mukirudisha, musirudishe, ziwa haitajua. Hiyo njo habari mubaya yenyewe."

"Na kazi yako?"

"Ya kuhesabu nilishahesabu."

Mdogo wangu alikuwa bado amesimama majini na vitambaa begani, mkono umenyooshwa. Hakuelewa kwa nini tunachelewa. Yeye angekubali chochote nitakachosema, ndivyo alivyo. Nyuma yake ziwa lilikuwa limetulia, na nyuma yangu, kama ningegeuka, ilikuwa njia ya pikipiki za kwenda Misisi.

Nikakichukua kile kisahani mwenyewe, nikaingia majini na kitenge changu, nikampa.

"Suuza," nikamwambia.

"Yaya, lakini dokta alisema..."

"Nilisikia. Suuza."

Akakizamisha. Ile karatasi ilifunguka, ikaelea kidogo, nikaikamata nisije nikaliachia ziwa na karatasi pia. Nilichungulia kama naweza kuona chochote kikiondoka. Hakikuonekana kitu. Mkuu wa mwalo akaingia mpaka kwenye vifundo, na viatu vyake, akamkabidhi makasia kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Watu wakashangilia, wakaenda kuuteremsha mtumbwi wake kabla hajatoka majini. Dokta alikuwa anafunga sanduku lake. Nilimpa kitambaa kimoja cha kijani afungie kamba ya sanduku, akakikunja akakiweka mfukoni.

Nasikia watu wanasema samaki walirudi kwa sababu maji yalirudi. Mimi naona upepo uligeuka. Naushuku na upepo pia, lakini sina la kuufanya. Vyovyote vile, asubuhi iliyofuata mdogo wangu alipanda kutoka mwaloni na beseni kichwani, anaimba vibaya. Halikuwa limejaa, lakini walikuwa ndagala, wabichi, wanang'aa. Misisi haikutajwa tena. Akaliweka beseni barazani mbele ya mkewe, naye akacheka huku machozi yanamtoka, kisha akaniomba niwakaange haraka.

Niliwaosha mara mbili. Niliwaosha mara ya tatu, mpaka wifi yangu akaniuliza kama nawafua. Nikawakaanga na nyanya na pilipili kidogo, nikamwekea sahani. Alikuwa anawakamata kwa mkia, anawaingiza mdomoni wazima, mkono mwingine uko juu ya tumbo. Nilisimama mlangoni na kijiko. Sikujua kwamba namtazama mpaka aliposema.

"Yaya, juu ya nini unaniangalia hivi?"

"Hakuna kitu. Kula."

"Uko na sura ya mutu anaibiwa."

Nikakaa karibu naye. Nikachukua ndagala mmoja kwenye sahani yake, nikamtafuna polepole, nikitafuta uzi kwa ncha ya ulimi, kama ninavyofanya kabla ya kuutia kwenye sindano. Sikuusikia. Nikachukua mwingine.